Bwana Shamba Anajibu: Waonyesheni Wapimaji Njia ya Maji



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi. Mwezi huu nimeletewa swali la namna nyingine. Wakulima wa hapa Kaengesa wameniuliza hivi: "Bwana Shamba, barabara ya kijiji ikitakiwa kunyooshwa, na wapimaji wakapigilia vigingi katika shamba langu, nifanye nini?"

Wengine watasema hilo si swali la kilimo. Mimi nasema ni la kilimo kabisa. Barabara hupita juu ya ardhi, na ardhi ndiyo shamba letu. Tena gunia la mahindi lililokwama kwenye tope halina bei.

Kwanza tujue barabara ni ya nani. Barabara kuu na barabara za mkoa hutunzwa na TANROADS, wakala ulioanzishwa mwaka 2000. Barabara za wilaya na za vijijini hutunzwa na TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Barabara ya lami ya kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ni barabara kuu. Ilijengwa kwa msaada wa Marekani, kwa mkataba uliotiwa saini mwezi wa Februari 2008. Lakini njia nyingi za udongo zinazotoka vijijini na kuikuta lami ziko chini ya TARURA. Kwa hiyo njia panda ina wenyewe wawili. Mkiandika barua juu ya njia panda, pelekeni nakala kwa wote wawili, na nakala moja ibaki kwa mtendaji wa kijiji. Barua yenye nakala moja huzunguka ofisini mpaka karatasi inachakaa.

Sasa tuje kwenye vigingi.

Kigingi cha kwanza cha mpimaji ni kijiti tu cha mti. Maana yake ni hii: "Tunafikiri barabara ipite hapa." Usiking'oe. Ukiking'oa, mpimaji atakirudisha palepale, na wewe utakuwa na kesi. Lakini usinyamaze pia. Wakati wa kijiti ndio wakati wa kusema. Ramani ikishatiwa saini na greda likishafika, kuisogeza barabara hatua 10 tu ni kazi ya fedha nyingi, na hakuna atakayetaka kukusikiliza.

Mahali pa kusemea ni mkutano mkuu wa kijiji. Huo ni mkutano wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, wanawake kwa wanaume. Mwombeni mwenyekiti amwalike mhandisi. Mkutano usiwekwe siku ya mnada, wala asubuhi wakati watu wako mashambani. Na yaliyosemwa yaandikwe katika muhtasari, pamoja na majina ya vitongoji vinavyoguswa. Neno lisiloandikwa huondoka na gari la mgeni.

Mhandisi atakuja na ramani. Ramani ya karatasi ni ngumu kwa wengi wetu. Basi ichoreni chini, uwanjani. Barabara ya sasa iwe mstari wa majivu. Barabara inayotakiwa iwe mstari wa fimbo. Shule iwe jiwe, zahanati iwe jiwe, kisima kiwe kibuyu. Weka gunzi la hindi mahali penye nyumba. Hapo hata bibi asiyejua kusoma ataona kwamba mstari wa fimbo unapita juu ya gunzi lake, naye atasema.

Jambo kubwa la kumwambia mhandisi ni maji.

Wapimaji huja wakati wa kiangazi, kwa sababu ndipo gari lao linapopita. Mwezi wa Agosti Ufipa yote ni kavu. Majani yamekuwa rangi ya simba, na bonde linaonekana kama uwanja wa mpira. Mpimaji anatazama, anasema: "Hapa ni tambarare, barabara itanyooka vizuri." Yeye ana vyombo vizuri vya kupimia mwinuko. Lakini hajakaa hapa mwezi wa Machi. Wewe umekaa. Wewe unajua kwamba bonde lile likijaa, ng'ombe huvuka maji yakiwa tumboni. Unajua mahali ambapo gari la mahindi lilizama mpaka ekseli. Hizo ni habari ambazo chombo chake hakiwezi kumpa. Mshike mkono umpeleke pale. Mwonyeshe alama ya maji kwenye shina la mti. Mwonyeshe matete, maana matete hayadanganyi: yakiota mahali, chini pana maji mwaka mzima.

Tena ulizeni maji ya barabara yatamwagwa wapi. Barabara mpya huinuliwa katikati, na pembeni huchimbwa mitaro. Maji ya mvua yaliyokuwa yakisambaa polepole sasa yanakusanywa pamoja na kutolewa mahali pamoja, kwa mtaro wa pembeni au kwa kalavati, yaani bomba kubwa linalopita chini ya barabara. Maji hayo yana nguvu. Yakimwagwa juu ya shamba lenye mteremko, mwaka wa kwanza utaona kijifereji. Mwaka wa tatu mtoto atasimama ndani na hataonekana kichwa. Hilo sasa ni korongo, na hakuna mbolea ya kulitibu.

Wazee wa Kifipa walijua hatari ya maji yanayokimbia. Matuta yao ya mviringo, yale wanayoyaita intumba, ambayo majani hufukiwa ndani ili yaoze, huyazuia maji na kuyafanya yazame polepole. Barabara hufanya kinyume chake. Kwa hiyo ombeni mambo mawili. Midomo ya mitaro iwe mingi, ili kila mmoja utoe maji kidogo. Na mdomo wa kalavati utazame kwenye majani au mawe, si kwenye matuta ya mtu. Hayo si maombi ya ajabu. Wahandisi wanayajua. Wanahitaji kuonyeshwa tu shamba la nani liko chini.

Katika mkutano mmoja mama mmoja aliyekaa nyuma kabisa aliuliza: "Je, chemchemi yetu mtaivukaje?" Wanaume walikuwa wamezungumza kwa saa mbili, na hapana aliyeitaja chemchemi. Ilikuwa chini ya mstari wa fimbo. Siku ile kijiti kilihamishwa. Ndiyo maana nasema wachota maji waulizwe mapema, wasingoje mwisho.

Sasa habari ya hifadhi ya barabara na fidia. Hapa ndipo ugomvi ulipo.

Hifadhi ni ardhi ya pembeni mwa barabara ambayo haijengwi wala hailimwi. Zamani, kwa barabara kuu na za mkoa, ilikuwa mita 22.5 kila upande, kupima kutoka katikati. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua ikawa mita 30 kila upande. Ndipo watu wengi nchini walipoona nyumba zao zimechorwa alama ya X. X nyekundu ilikuwa kwa nyumba iliyo ndani ya mita 22.5, nayo ilitakiwa kuondoka bila fidia. X ya kijani ilikuwa kwa nyumba iliyo kati ya mita 22.5 na 30, na mwenyewe alistahili fidia. Kwa barabara za wilaya na za kijiji hifadhi ni nyembamba zaidi. Waulizeni TARURA mita za barabara yenu, nao waziandike.

Wazee huuliza: "Je, sisi tumeifuata barabara, au barabara imetufuata sisi?" Swali lao ni la haki. Wakati wa Operesheni Vijiji, katika miaka ya 1973 hadi 1976, watu katika sehemu nyingi za nchi walihamishwa na nyumba zikapangwa kando ya barabara. Aliyejenga pale aliambiwa ajenge pale. Kwa hiyo tarehe ni mali. Kama una karatasi yoyote inayoonyesha mwaka uliopewa kiwanja, itunze mahali pakavu. Kama huna, wazee watatu waliokuwapo waseme mbele ya baraza la kijiji, na maneno yao yaandikwe.

Barabara ikihamishwa na kupita katika ardhi mpya, mwenye ardhi hiyo ana haki ya fidia. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinasema fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Haihesabiwi nyumba peke yake. Huhesabiwa ardhi, miti, mazao, usumbufu na usafiri wa kuhama. Makaburi yana sheria yake ya mwaka 1969, nayo inakubali hata gharama za matambiko ya kuwahamisha marehemu. Watu wengi hawajui hilo.

Mthamini akija, uwepo shambani mwenyewe. Hesabuni miti pamoja. Kisha atakupa fomu. Miaka iliyopita ungetia dole gumba na kumaliza. Sasa unajua kusoma. Soma jina lako kama limeandikwa sawasawa. Soma idadi ya miti. Kama imeandikwa miembe 4 na wewe unayo 14, usiandike jina lako mpaka isahihishwe.

Nimalizie na njia panda, maana hapo panaondoka roho za watu.

Chukua fimbo mbili uziweke chini. Zikikutana kama herufi V, anayetoka katika njia ndogo lazima ageuze shingo nyuma sana ndipo aone gari. Zikikutana kama herufi T, anaona pande zote mbili. Kwa hiyo wahandisi hupenda kuipinda njia ndogo mwishoni ili iikute lami kama T. Kuipinda huko hula pembe ya shamba la mtu. Mwenye pembe hiyo asionekane mkaidi akiuliza fidia.

Sasa tufanye hesabu. Lori likienda kilomita 80 kwa saa, kwa sekunde moja tu linakwenda mita 22. Mkokoteni wa maksai uliojaa mahindi hauvuki lami haraka. Hesabu polepole hadi 10, huenda gurudumu la nyuma bado liko juu ya lami. Katika sekunde hizo 10 lori limekwenda mita 220. Maana yake, kabla ya kuvuka lazima uone hatua ndefu zaidi ya 200 kila upande. Nendeni njia panda yenu, mmoja asimame na mwingine ahesabu hatua. Kama mwenzako anapotea kwenye kona au nyuma ya kichuguu kabla ya hatua 200, andikeni hivyo hivyo katika barua kwa TANROADS na TARURA: "Tunaona hatua 120 tu upande wa Sumbawanga." Barua yenye hesabu husomwa.

Na wenye mashamba ya kona, nje ya hifadhi, mvua za Novemba zikianza msipande mahindi wala alizeti pale pembeni. Ikifika Februari mahindi ni marefu kuliko mtu, na dereva haoni mkokoteni mpaka pua za maksai zimetokea barabarani. Mistari 20 ya kwanza pandeni maharage. Hayapiti goti.