Usinunue urefu wa lenzi, nunua tundu lake

Tangu mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaunganishwe mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, mpiga picha wa Ngara au Biharamulo ana sababu mpya ya kutamani lenzi ndefu. Nzohe aliyejificha kwenye matete hasogelewi. Tatizo ni kwamba lenzi husifiwa kwa milimita, na mwenye 300 hujiona amemzidi mwenye 200. Kwa maoni yangu, anayenunua kwa kipimo hicho peke yake analipia nusu ya habari. Nusu ya pili, tena iliyo muhimu zaidi, ni upana wa tundu linalopitisha mwanga.

Habari hiyo imeandikwa kwenye ukingo wa lenzi yenyewe, kwa mfano: 70-300mm 1:4-5.6. Tarakimu za mwisho si upana wa tundu, ni uwiano wake na urefu wa fokasi. Gawanya 300 kwa 5.6, namba ya urefu huo wa mwisho, unapata tundu la milimita 54 hivi. Gawanya kwa 2.8, unapata 107. Ndiyo maana namba ndogo humaanisha tundu kubwa. Kwa nini uwiano? Fikiria dirisha dogo na ukuta unaolitazama. Ukuta ukiwa mbali mara mbili, mwanga uleule hutandazwa kwenye eneo kubwa mara nne, kwa hiyo kila sehemu hupata robo tu. Lenzi ndefu ni chumba kirefu: dirisha lisipopanuliwa, ndani huwa giza. Na giza hilo lina gharama. Huku karibu na Ikweta jua likishazama, mwanga hauchelewi kuondoka, na ndiyo saa wanyama wengi wanajitokeza. Pale ambapo uwiano wa 2.8, unaoandikwa f/2.8, unaruhusu kasi ya 1/240 ya sekunde, f/5.6 inadai 1/60; nyamera akigeuza shingo tu, picha imeharibika.

Wapo watakaosema kamera za kisasa zinapandisha ISO, basi tundu si hoja. Lakini ISO haiongezi mwanga. Inakuza kile kidogo kilichoingia, pamoja na chengachenga zake. Wengine watasema bila urefu mnyama atabaki nukta. Ni kweli, ila tupige hesabu: 200 ya f/2.8 na 400 ya f/5.6 zote zina tundu la milimita 71, kwa hiyo hukusanya kwa mnyama yuleyule kiasi kilekile cha mwanga. Kwa 200 utakata picha na kupoteza ukali kiasi, lakini 400 haikukuletea mwanga wa ziada. Hoja nzito ni bei, kwani vioo vipana ni ghali na vizito. Hata hivyo, 50 ya f/1.8 ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu, na inatosha harusi ndani ya kanisa lenye mwanga hafifu. Ile kubwa ya porini wapiga picha kadhaa wanaweza kuchangia na kupokezana.

Halmashauri zinazotaka picha za kuitangaza hifadhi nazo ziandike kwenye vipimo vya zabuni namba ya f katika urefu wa mwisho wa lenzi, si milimita pekee. Na mnunuzi wa kawaida, kabla ya kutoa pesa, agawanye. Kikokotoo cha simu kinatosha.