HABARI ZETU ZIMEFUNIKWA NA NGOMA



Juzi, saa ya mapumziko, nilikaa na wachumaji chai wanne kwenye simu moja. Tulitafuta habari za kima cha chini cha mshahara hapa Uganda. Kilichowekwa mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha mswada mpya mwaka 2019, Rais akakataa kuutia sahihi. Hilo si jambo la mchezo.

Tukafungua tovuti ya gazeti. Ikaja video ya mwanamuziki, ikaanza kuimba yenyewe. Tukaifunga; likaja tangazo la kamari ya mpira, na kimsalaba cha kulifungia ni kidogo kama punje ya ulezi. Kidole cha mchumaji kikakosea, tukajikuta kwa wacheza kamari! Habari yetu ilikuwa chini kabisa, mistari sita, na bando likaisha kabla hatujaimaliza.

Bando hilo tangu Julai 2021 linatozwa kodi ya asilimia 12. Yaani tunalipa kodi ili tuonyeshwe harusi za matajiri. Wenye magazeti husema wasomaji ndio wanaopenda. Nani alituuliza? Wanaowalipa ni watangazaji, na bidhaa inayouzwa ni macho yetu.

Tunataka ukurasa mmoja wa maandishi matupu: mishahara, sheria za kazi, bei za vyakula. Mpira tutautafuta wenyewe jioni.