Tusimpime Mama Lishe kwa Benchi Lake

Hapa Mwamanyili na katika vituo vingine vya wilaya ya Busega vilivyo kwenye barabara kuu ya Mwanza–Musoma, upo mtindo usiopendeza miongoni mwa walaji. Msafiri ashukapo garini hutazama kwanza viti, kitambaa cha meza na televisheni, ndipo aamue kama chakula ni safi. Palipo na benchi la mbao na mafiga matatu hupaita pachafu kabla hajaonja kitu.

Sisi hatukubaliani na kipimo hicho. Kipindupindu, ambacho kiliusumbua mkoa wetu wa Simiyu mwaka 2024, hakijali kitambaa cha meza. Vimelea vyake hupita katika maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Ugali na sato vitokavyo jikoni vikifuka mvuke ni salama kuliko wali uliolala tangu asubuhi ndani ya kabati la kioo, hata kabati hilo ling'ae namna gani. Mlaji mwenye busara na aulize: Maji haya yamechemshwa? Sahani zinaoshewa wapi? Iko wapi sabuni ya kunawia?

Jambo la pili ni bei. Mlaji anayelipia chipsi na kuku wa hotelini bila kunung'unika ndiye yule yule anayebishana na mama lishe juu ya shilingi mia mbili, kana kwamba ugali wa mtama, mlenda na dagaa havina thamani kwa kuwa ni vya kwetu. Dharau hii haiko kwetu peke yetu. Wahamiaji wa Vietnam waliofungua mikahawa katika miji ya Marekani baada ya vita kwisha nchini mwao mwaka 1975 wamekutana na wateja wanaosifu utamu wa supu yao lakini wanataka iuzwe rahisi, huku chakula cha Kifaransa wakikilipia ghali. Kumbe mlaji hulipia pia cheo anachompa mpishi.

Hatusemi kwamba mama lishe asamehewe uchafu. Anayesuuza sahani hamsini katika beseni moja la maji anahatarisha maisha ya watu, na unyonge si kisingizio. Lakini mahali ambapo ndoo ya maji hununuliwa, mteja anayepunguza bei anapunguza pia maji na sabuni. Nayo halmashauri inayotoza ushuru wa soko ina wajibu wa kuweka bomba na choo pale pale sokoni, kabla ya kumtuma bwana afya kwenda kufunga vibanda.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wote wanaohusika. Mama lishe achemshe maji, afunike chakula na akiuze kikiwa moto. Halmashauri irudishe ushuru kwa njia ya huduma. Na mlaji adai usafi bila haya, kisha alipe bei ya haki.