Nakala tatu katika chumba kimoja si akiba

Mnamo Septemba 26, 2025, moto ulizuka katika kituo cha kitaifa cha data mjini Daejeon, Korea Kusini, betri zilipokuwa zikihamishwa. Mamia ya huduma za serikali zilisimama. Lililonishtua zaidi, hata hivyo, si moto bali habari iliyofuata: ghala la nyaraka za watumishi wa umma liitwalo G-Drive, lenye terabaiti 858, liliteketea, na nakala yake nje ya kituo hicho haikuwapo. Eti ghala lilikuwa kubwa mno kunakiliwa!

Nayaleta haya mbele ya walimu na wanafunzi kwa kuwa kosa la aina hiyo laweza kututokea hapa kwetu, japo kwa kadiri ndogo. Vyuo vingi vinaacha mtindo wa kale wa kuweka seva upande mmoja na kabati la diski upande wa pili. Hununua seva tatu zinazofanana, kila moja na diski zake, kisha programu ikaziunganisha zikawa ghala moja. Wauzaji huuita mfumo huo haipakonvajidi, jina la kutisha kwa jambo sahili. Kila faili huandikwa mara mbili au tatu katika seva mbalimbali, ili moja ikifa nyingine zishike kazi. Ni mfumo mzuri, wala sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na wale wanaodhani kwamba ukishalipiwa, kazi imekwisha.

Katika chuo kimoja nilichowahi kufundisha, fundi aliamriwa aweke toleo jipya la programu wikendi moja tu, kabla ya Jumatatu ya kuingiza alama za mtihani. Alizima seva ya kwanza, akaiboresha, akaiwasha. Hapo ilimpasa angoje mpaka seva hiyo ipokee yote yaliyoandikwa ilipokuwa imezimwa. Hakungoja, maana simu za wakubwa zilikuwa zikilia. Akaizima ya pili. Seva ya tatu ikabaki peke yake na nakala kamili, nayo ikakataa kuandika chochote. Haikuharibika; ilifanya kama ilivyoundwa, kwa kuwa mfumo wa namna hii hukubali kuandika pale tu wengi miongoni mwa seva wanapoafikiana. Alama zetu zilikaa kwenye karatasi siku tatu, na lawama zote akatwikwa fundi. Mimi nawalaumu waliompa wikendi moja.

Tena kuna hesabu ambayo wanunuzi wachache huifanya. Ikiwa seva ni tatu na nakala ni tatu, kila nakala kwenye seva yake, basi seva moja ikifa hakuna mahali pa kujengea nakala ya tatu upya. Ya nne si anasa.

Yamkini msomaji atauliza: kwa nini tusiliache toleo la zamani lilivyo? Haiwezekani. Kampuni ya Broadcom iliinunua VMware mnamo Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikakomesha uuzaji wa leseni za kudumu. Mteja sasa hulipia kwa muda. Msaada wa kawaida wa toleo la saba la vSphere nao ulikoma Oktoba 2, 2025. Anayebaki nalo bila mkataba mwingine hukaa bila viraka vya usalama.

Lakini kuboresha nako kuna hatari zake. Desemba 2021, katika Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, programu ndogo ya kunakili data za tarakilishi kuu ilibadilishwa ilhali ile ya awali ingali inaendeshwa. Amri iliyokusudiwa kufuta kumbukumbu kuukuu za mfumo ikafuta faili za watafiti: takriban terabaiti 77, faili milioni 34 hivi, za makundi 14. Kazi za makundi manne hazikuweza kurejeshwa. Kampuni iliyouza mfumo ilikiri kosa.

Hapa ndipo nakala tatu za wauzaji wetu zinapokosa nguvu. Ukifuta faili katika mfumo unganifu, zafutika zote tatu kwa mara moja, kwa uaminifu ule ule zilivyoandikwa. Nakala hizo hutukinga na kifo cha diski au seva. Hazitukingi na mkono wa mtu, mwizi wa mtandaoni wala moto. Kwa hayo, sharti kuwe na nakala nyingine, mahali pengine, isiyofikiwa kwa nywila zile zile.

Chuo kile sasa kina seva ya nne, na kila Ijumaa diski za akiba hupelekwa bewa jingine. Nilipopita huko juzi nilimwuliza msimamizi ni lini walijaribu mara ya mwisho kurejesha faili kutoka katika diski hizo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema bado hawajajaribu.