Si Kila Lisemwalo Lipo

Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo li nyuma laja. Methali hii imekuwa ngao ya kila mpeleka maneno. Mwulize kijana wako alikoipata habari aliyowasambazia wenzake. Atakujibu kwa methali hiyo, na kwake hoja imekwisha. Wiki hii twapenda kuipima katika uwanja ambao watoto wetu wanaufahamu kuliko sisi wazazi: michezo ya video, na habari zinazoandikwa juu ya watengenezaji wake.

Biashara hii huendeshwa kwa usiri mkubwa. Mchezo mmoja mkubwa huchukua miaka kadhaa kutengenezwa, na muda wote huo wafanyakazi hufungwa na mikataba ya kutotoa neno nje. Palipo na siri nyingi na watu wengi wenye hamu, tetesi hustawi.

Mwezi Aprili 2020, vipande vya mchezo uitwao The Last of Us Part II vilivuja na kuenea mtandaoni, ilhali mchezo wenyewe ulitarajiwa kuuzwa mwezi Juni. Mtengenezaji wake ni Naughty Dog, studio ya Marekani inayomilikiwa na Sony. Mara ukavuma uvumi kwamba mvujishaji ni mfanyakazi wa studio hiyo, mwenye kinyongo kwa sababu ya malipo. Uvumi huo ulisadikiwa upesi, kwa kuwa ulishabihiana na jambo la kweli: wiki chache nyuma zilikuwa zimeandikwa habari za wafanyakazi wa hapo kuchoshwa na saa nyingi za kazi. Muda haukupita mrefu, Sony ikatangaza kuwa wahusika wakuu wametambuliwa, na kwamba hawana uhusiano na studio wala na kampuni. Naye mwanahabari Jason Schreier, baada ya kuzungumza na watu wawili wenye kulijua jambo hilo moja kwa moja, akaeleza kuwa wadukuzi waliingia kwa kutumia kasoro ya usalama iliyokuwa katika mchezo wa zamani wa studio hiyo.

Natutafakari. Aliyeanzisha uvumi hakuwa na jina, na watu wawili wale nao hawakutajwa majina. Je, wote ni sawa? Hasha. Chanzo kinachofichwa kwa msomaji si lazima kiwe kimefichika kwa mwandishi. Mwanahabari mwaminifu humjua mtoa habari wake ni nani, amelijuaje jambo, na ana masilahi gani katika kulisema. Humtafuta shahidi wa pili. Humpa mtuhumiwa nafasi ya kujibu. Kisha huweka jina lake mwenyewe chini ya habari. Akikosea, yuko wa kuulizwa. Tetesi haina wa kuulizwa. Wanazuoni wetu wa hadithi waliichunga tofauti hii tangu zamani: walichunguza kila mpokezi ni nani na amesikia kwa nani, na asiyejulikana hawakumkubali kirahisi.

Kuficha jina, basi, si aibu kwa dhati yake. Mwaka 2019 Schreier alichapisha katika Kotaku uchunguzi juu ya mchezo uitwao Anthem, wa studio ya BioWare. Alizungumza na watu 19, wote kwa sharti la kutotajwa, kwa kuwa hawakuruhusiwa kusema. Walisimulia msongo uliowafikisha baadhi ya wenzao kupumzishwa kazi na daktari kwa wiki, hata miezi. Lau wangelazimishwa kutaja majina, dhuluma hiyo ingebaki ndani ya kuta.

Lakini si kila siri ina uzito huo. Novemba 2015 Kotaku iliwaambia wasomaji wake kuwa kampuni mbili, Bethesda na Ubisoft, zimeacha kuijibu, na ikaeleza kwamba sababu ni kutangaza michezo yao kabla wenyewe hawajaitangaza. Mwandishi hana ahadi ya kumtunzia mfanyabiashara siri zake. Wajibu wake ni kwa msomaji. Hata hivyo, kufichua jina la mchezo ujao hushibisha udadisi tu, na kufichua mateso ya mfanyakazi huokoa mtu. Pazia la kutotajwa jina lahitaji sababu nzito, na kamwe lisigeuzwe kichaka cha kumrushia mtu mawe.

Tuyalete haya nyumbani. Mtoto anapokuja na habari kuwa mchezo fulani watoka kesho, au kuwa fulani ameiba siri za kampuni, tusimkemee wala tusimpuuze. Tumwulize: nani amesema? Amejuaje? Aliyetajwa kwa ubaya amepewa nafasi ya kujibu? Ikiwa si kweli, nani ataumia? Amri ya kuthibitisha habari, iliyomo katika Surat al-Hujurat, haikuziacha nje habari za michezo.

Wafanyakazi wale wa Naughty Dog walishukiwa na watu wa mbali, wasiowajua, ambao kila mmoja alidhani anapitisha neno tu. Kijana aliyezoea kuuliza maswali haya katika habari za mchezo, hatashindwa kuyauliza siku atakapoletewa neno juu ya jirani yake.