Kabla Fundi Hajavuta Kamba ya Msumeno



Hivi karibuni nilipanda vilima vya Mua kupeleka karatasi za ofisi, nikasikia msumeno wa injini ukilia ng'ambo ya bonde. Nilikwenda kutazama. Nilimkuta kijana yu juu ya mgrevilea, amesimama kwenye tawi, msumeno ameushika kwa mkono mmoja na shina la mti kwa mkono wa pili. Miguuni alivaa viatu vya tairi. Chini yake watoto wawili walikuwa wakikusanya matawi. Mwenye shamba, mzee ambaye namheshimu sana, alikuwa ameketi kivulini. Nilipomwuliza kama haoni hatari, alinijibu hivi: "Mwanangu, huyo ni fundi. Kazi yake yeye ndiye aijuaye."

Jibu hilo nimelisikia katika mashamba mengi, na ndilo nitakalo kulipinga leo.

Kwanza tukumbuke jinsi tulivyofika hapa. Wazee waliohamia Makueni baada ya Vita Kuu ya Pili walikuta kichaka chenye mbung'o, na waliopewa mashamba Mua katika miaka ya 1960 walianza kwa panga, shoka na msumeno mrefu wa watu wawili. Shoka huumiza, lakini huumiza polepole: mtu akichoka huliweka chini. Tena wazee hao hawakukata tu, walipanda. Mary Tiffen na wenzake waliandika kitabu juu ya Machakos mwaka 1994, wakalinganisha picha zilizopigwa mwaka 1937 na nyingine za mwanzo wa miaka ya 1990. Watu walikuwa wameongezeka kutoka karibu 240,000 hata karibu 1,400,000, na bado vilima vilivyokuwa vipara vilikuwa na matuta na miti. Miti hiyo, na ile iliyopandwa baadaye, sasa imekomaa. Mikaratusi na migrevilea ndiyo karo ya shule na mabati ya nyumba. Kwa hivyo siku hizi mkulima mwenye miti kumi ya kuuza hatafuti shoka, humpigia simu mtu wa pawa-so.

Mashine hiyo si kitu cha jana. Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme mwaka 1926, nayo misumeno ya kwanza ilikuwa mizito hata ikashikwa na watu wawili. Ya leo huchukuliwa na mtu mmoja kama mfuko wa ununuzi, na nadhani wepesi huo ndio unaotudanganya. Mnyororo wake hukimbia mita 20 au zaidi kwa kila sekunde. Kabla hujasema "aa", umekwisha kupita.

Ajali iliyo mbaya kuliko zote hutokea hivi. Ule upanga wa chuma unaozungukwa na mnyororo una ncha. Sehemu ya juu ya ncha hiyo ikigusa tawi lililofichika au gogo la pili, meno hayakati, bali hujikita, na msumeno wote huruka juu na kurudi nyuma kwa mshikaji, usoni, shingoni au begani. Hakuna mwenye nguvu wala wepesi wa kuuzuia kwa mkono mmoja. Ndiyo sababu watengenezaji waliweka breki ya mnyororo mbele ya mshikio: msumeno ukiruka, breki husukumwa na mnyororo husimama. Nenda ukatazame misumeno ya mtaani kwetu. Mingi breki imevunjika, na mingine imeondolewa kwa kuwa, nimeambiwa, "inasumbua". Mtu aliyeondoa breki ya lori tungemwitia polisi.

Mimi ni karani, si fundi. Lakini mambo machache mwenye shamba aweza kuyaona kwa macho yake pasipo kuigusa mashine. Je, fundi ana kofia ngumu yenye wavu wa uso na vizuia sauti? Mlio wa msumeno hupita desibeli 100, na kanuni zetu za mwaka 2005 juu ya kelele kazini haziruhusu zaidi ya 90 kwa saa nane, mafundi wengi wazee unaozungumza nao wakakwambia "Nini?" hawakuzaliwa hivyo. Ana viatu vigumu? Ana suruali ya kazi hiyo? Suruali hiyo ina tabaka za nyuzi ndefu ndani. Mnyororo ukiigusa, nyuzi huvutwa zikaziba gurudumu linalouendesha na msumeno husimama kabla ya kufika mfupani. Suruali ya jinsi haifanyi hivyo hata kidogo.

Kisha tazama unga unaotoka. Mnyororo mkali hutoa vipande kama makapi ya mahindi. Ukiona vumbi laini, mnyororo ni butu, na fundi ataanza kuusukuma kwa nguvu za mwili. Hapo ndipo hukosa mizani. Mwambie apumzike atie tupa. Asijaze petroli wakati injini ina moto, wala asivutie kamba pale pale alipomwaga mafuta. Asikate juu ya mabega yake. Asipande ngazi na msumeno unaonguruma. Na mti mzima ukiangushwa, asiwepo mtu wala ng'ombe karibu kuliko urefu wa mti huo mara mbili, naye fundi awe amekwisha kufyeka njia yake ya kukimbilia, kwenda nyuma na upande, si nyuma tu moja kwa moja, maana shina huweza kuteleza na kumfuata.

Liko jambo jingine ambalo sioni likisemwa. Hapa kwetu magogo hupasuliwa mbao kwa msumeno wa mkono, fundi akifuata mstari wa kamba, na kijana akishika gogo upande wa pili lisiyumbe. Kijana huyo hana kofia, hana chochote, na mara nyingi ni mtoto wa shamba lenyewe, amepewa kazi kwa sababu ni likizo. Fundi hulipwa kwa futi, basi huharakisha. Iko fremu ya chuma inayofungwa kwenye upanga ili mbao zitoke sawa. Huokoa mbao, nayo humwondoa yule mshika gogo mahali pa hatari. Sijui kwa nini tunaona gharama ya fremu na hatuoni gharama ya mbao zilizopinda.

Sasa narudi kwa mzee wangu wa Mua. Aliposema kazi ni ya fundi, alisahau kwamba shamba ni lake. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 haikuandikiwa viwanda vya mjini peke yake, na sheria ya fidia ya mwaka huo huo yasema mwajiri ndiye mwenye kulipa mfanyakazi wake aumiapo kazini. Kama kibarua wa siku moja ni mfanyakazi wako au siye, hilo ni la hakimu. Lakini hata sheria ikikuacha, damu itamwagika katika boma lako, na wewe ndiwe utakayemfunga jeraha kwa kitambaa safi na kulikandamiza kwa nguvu bila kuliachilia, bila majivu wala mafuta ya taa, huku ukitafuta gari katika barabara ya mlimani.

Wengi watasema vifaa ni ghali. Ni kweli, na fundi anayelipwa kwa futi hawezi kununua vyote. Lakini sisi Wakamba tulichimba matuta ya fanya juu kwa mwethya, na hakuna aliyeambiwa achimbe peke yake kilima chote. Mwaka jana kikundi kimoja ninachokifahamu kilichanga fedha kikanunua msumeno wa pili. Fedha hizo zingetosha kofia, viatu na suruali, vikawekwa kwa katibu, na kila fundi aingiaye katika skimu akavivaa kabla ya kuvuta kamba. Akikataa kuvivaa, aende zake, miti haina haraka. Mkaratusi uliongoja miaka minane waweza kungoja juma moja.

Nilimweleza mzee maneno haya pale pale kivulini. Hakunijibu, ila aliwaita wale watoto wawili watoke chini ya mti. Yule kijana juu aliendelea kukata.