Tusilitumie jina la Mungu kumziba mtoto mdomo



Leo naanza na ungamo. Si lile la sakramenti ya kitubio, hilo nimekwisha kulipeleka panapohusika. Hili ni la hadharani, kwa sababu kosa lenyewe nililifanya hadharani.

Zaidi ya miaka 20 iliyopita nilikuwa padri kijana katika parokia ya kijijini. Jumamosi moja nilikwenda kigangoni kuwapima watoto waliokuwa wakijiandaa kwa Komunyo ya Kwanza. Ilikuwa majira ya masika. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi ile, anga limetakata, na majani kuzunguka kanisa yamestawi vizuri. Nikawauliza watoto: nani aliumba mbingu na nchi? Wakajibu wote kwa sauti moja. Ndipo mvulana mmoja wa miaka kama tisa akanyoosha mkono. “Padri, kwa nini Mungu mbingu aliipa bluu na majani akayapa kijani? Kwa nini hakubadilisha?”

Wenzake wakacheka. Mimi nilikuwa na Misa nyingine kigango cha pili, barabara ilikuwa mbovu, na mawingu yalikuwa yameanza kurudi. Nikamjibu: “Kwa sababu Mungu alipenda hivyo. Kaa chini.” Akakaa. Katekista akatikisa kichwa kukubali.

Miaka michache iliyopita nilimzika mama wa mvulana yule, mama aliyeshika jumuiya yake mpaka mwisho. Mwanawe sasa ni mwalimu wa fizikia. Katika Misa ya mazishi hakusogea kupokea Komunyo. Baadaye, tukiwa tumekaa chini ya turubai, alinisalimia kwa heshima zote, kisha akanikumbusha siku ile. Hakuwa na hasira. Alisema tu: “Padri, siku ile nilielewa kwamba kanisani kuuliza ni utovu wa adabu. Nilipofika sekondari mwalimu akanipa jibu. Nikaona kumbe jibu lipo, ila ninyi hamkutaka nilijue.”

Nilikosa la kusema.

Mpendwa msomaji, jibu langu la siku ile halikuwa uongo. Ni kweli Mungu alipenda hivyo. Lakini sikulisema ili kumtukuza Mungu. Nililisema ili niondoke mapema. Nilichukua jina takatifu nikalifanya kifuniko cha uchovu wangu na ujinga wangu. Tumezoea kufundisha kwamba amri ya pili huvunjwa na waapao ovyo sokoni. Nadhani huvunjwa pia na padri, katekista na mzazi anayesema “ni Mungu tu” ili mtoto anyamaze.

Basi leo, ingawa nimechelewa, nijibu swali la yule mtoto.

Kwanza tuangalie lugha yetu. Wazee wetu wa pwani rangi ya bluu waliiita samawati, neno lililotoka kwenye Kiarabu lenye maana ya mbingu. Na kijani, kila mtu anasikia ndani yake neno jani. Kwa hiyo mtoto alikuwa anauliza kwa nini mbingu ina rangi ya mbingu na jani lina rangi ya jani. Lugha yenyewe imeona jambo hilo ni la kawaida mno, lakini mtoto wa miaka tisa aliona kwamba si la kawaida. Hiyo ni neema.

Sasa mbingu. Umewahi kuona mwale wa jua ukiingia kanisani kupitia dirishani wakati wa Misa ya asubuhi. Huuoni ule mwale kwa sababu ya mwanga peke yake, bali kwa sababu vumbi lililomo hewani linaurusha mwanga mpaka machoni pako. Juu yetu linatokea jambo linalofanana na hilo, ila wanaofanya kazi ni chembe za hewa yenyewe, ndogo kuliko vumbi lolote. Mwanga wa jua tunaouona mweupe una rangi zote za upinde wa mvua ndani yake, nao husafiri kwa mawimbi. Mawimbi ya nyekundu ni marefu, ya bluu ni mafupi. Chembe za hewa huyatawanya mawimbi mafupi zaidi kuliko marefu. Mwaka 1871 Mwingereza tunayemjua kama Lord Rayleigh aliionyesha kanuni hiyo kwa hesabu. Kwa kanuni hiyo, bluu hutawanywa zaidi ya mara tano kuliko nyekundu. Ndiyo maana popote utakapoinua macho mchana, mbali na jua lenyewe, bluu iliyotawanywa inakufikia.

Jioni jua linapokuwa chini, mwanga wake hupita katika hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia. Bluu huwa imetawanyika njiani, na kinachobaki ni nyekundu na rangi ya chungwa. Waweza kulijaribu hili nyumbani usiku. Tia matone machache ya maziwa katika glasi ya maji, kisha yamulike kwa tochi. Ukitazama kutoka ubavuni, maji yataonekana na ubluu kidogo. Ukiitazama tochi kupitia maji, mwanga wake utaelekea rangi ya chungwa.

Mtoto mwerevu atauliza tena: mbona mawimbi ya zambarau ni mafupi zaidi, na mbingu si zambarau? Usimkaripie. Jua hutoa zambarau kidogo kuliko bluu, na macho yetu huiona zambarau kwa udhaifu.

Jambo hili lina faida hata kwa imani. Mtoto anayefundishwa kwamba Baba yetu yuko mbinguni, kisha akatazama juu, huweza kudhani ile bluu ni sakafu ya nyumba ya Mungu. Lakini mwaka 1969 watu walipotembea mwezini, ambako hakuna hewa kama yetu, waliona anga jeusi huku jua linawaka. Bluu si ukuta ulio mbali kati yetu na Mungu. Ni hewa hii tunayoivuta, ikiwa imeangaziwa. Afadhali mtoto alisikie hilo kwetu kuliko kulisikia kwa mtu atakayeongeza: “Unaona? Mbinguni hakuna mtu.”

Tuje kwenye majani. Ndani ya jani kuna kitu kinachoitwa umbijani, au klorofili. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walikitenga mwaka 1817 wakakipa jina kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja la kijani na jingine la jani, kana kwamba walikuwa Waswahili. Mwanga unapolifikia jani, klorofili hufyonza zaidi nyekundu na bluu. Kijani hufyonzwa kidogo kuliko hizo, na sehemu yake hurudishwa nje. Ile inayorudishwa ndiyo tunayoiona.

Na kile kinachofyonzwa hakipotei. Kwa nguvu ya mwanga huo jani linaunganisha maji ya ardhini na hewa ya ukaa, linatengeneza chakula, na linatoa oksijeni. Sasa kumbuka kwamba mahindi, mpunga, mtama, ulezi, miwa, ngano na shayiri yote ni jamii moja, jamii ya nyasi. Ugali wako wa leo mchana ni mwanga wa jua uliokamatwa na jani la kijani. Marko anaposimulia Yesu akiwalisha watu 5,000, anatuambia kwamba aliwaketisha juu ya majani mabichi (Mk 6:39). Yohane anaongeza kuwa mikate ile ilikuwa ya shayiri (Yn 6:9). Walikaa juu ya nyasi wakala mkate uliotoka kwenye nyasi. Na hosti ninayoishika altareni kila siku ni ngano. Kabla haijawa Mwili wa Bwana, ilikuwa jani la kijani likifanya kazi yake shambani.

Nilimwambia mtoto akae chini, kumbe swali lake lilikuwa linaelekea moja kwa moja kwenye Komunyo aliyokuwa akiiandaa.

Wapo watakaosema: Padri, ukieleza yote hayo, Mungu anabaki na kazi gani? Nijibu kwa swali la jikoni. Ugali umepikwa na mama au umepikwa na moto? Huwezi kusema nusu mama, nusu moto. Umepikwa wote na mama, na umepikwa wote na moto, kila mmoja kwa namna yake. Mtakatifu Thomas wa Akwino alitufundisha hivyo kuhusu Mungu, aliye sababu ya kwanza, na viumbe, vilivyo sababu za pili. Mawimbi na klorofili havimpunguzii Muumba utukufu, kama vile moto haumpunguzii mama upishi. Lakini tukimweka Mungu katika yale tu tusiyoyajua, basi kila mtoto anapopanda darasa, Mungu wetu anapoteza chumba.

Kanisa halikuanza jana kuuliza maswali haya. Zaidi ya miaka 700 iliyopita mtawa Mdominiko wa Ujerumani, Theodoric wa Freiberg, alichukua vyombo vya kioo vyenye umbo la mpira, akavijaza maji viwe mfano wa tone la mvua, akafuatilia mwanga unavyoingia, unavyogeuka ndani na kutoka. Hivyo akaeleza jinsi upinde wa mvua unavyotokea. Alijua Mwanzo sura ya 9, kwamba upinde ni ishara ya agano. Hakuona kwamba kuiamini ishara kunamkataza kuichunguza.

Na tumtazame Bwana mwenyewe. Alipopotea kwa siku tatu akiwa na miaka 12, wazazi wake walimkuta hekaluni, katikati ya waalimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali (Lk 2:46). Luka anasema watu walishangazwa na akili zake. Hatusomi kwamba kuna mwalimu aliyemwambia akae chini.

Najua utaniambia: mimi sikusoma fizikia, mtoto akiniuliza nitasema nini? Sema “sijui, mwanangu, tukamuulize mwalimu wako.” Hiyo si dhambi. Ni unyenyekevu, na mtoto atajifunza kwako kwamba mtu mzima anaweza kutojua na bado akasali. Kisha akirudi na jibu, msikilize mpaka mwisho. Hapo ndipo useme “Mungu ndiye aliyependa hivyo,” nayo yatakuwa shukrani kwa wote wawili.

Nawaomba hasa makatekista wenzetu, mnaofanya kazi ngumu kwa posho ndogo au bila posho. Mtoto anayeuliza hajakosa adabu. Anayenitia wasiwasi ni yule aliyeacha kuuliza, anayejibu katekisimu yote bila kosa huku ameshaamua kwamba ukweli unapatikana kwingine.

Nami namalizia kwa mtu mmoja. Mwalimu, kama gazeti hili limefika mikononi mwako: swali lako lilikuwa zuri, na aliyekosa adabu siku ile nilikuwa mimi. Nisamehe. Wapo watoto wa Komunyo ya Kwanza mwaka huu pia, nao wana maswali kunizidi. Ukipata nafasi Jumamosi moja, njoo na glasi, maziwa na tochi. Mimi nitakaa nyuma na watoto.

Nawatakieni nyote Dominika njema.